Msitu Ndani ya Sinia

Kwenye vitalu vya bonsai vya Japani huwa kuna safu ya miche ambayo mnunuzi anayetafuta mti wa maonyesho huipita bila kusimama. Mmoja shina lake ni jembamba mno. Mwingine matawi yake yote yameelekea upande mmoja. Wa tatu una mizizi minene kushoto, na kulia hauna kitu. Bonsai ya mti mmoja haina pa kujificha: hudaiwa shina linalopungua unene kadiri linavyopanda, mizizi iliyotanda pande zote, na matawi yaliyopangika vizuri. Miche iliyokosa sifa hizo ndiyo anayoifuata mtu mwenye nia ya kutengeneza msitu.

Wenye matawi upande mmoja atauweka ukingoni, matawi yakitazama nje. Ule mwembamba atausogeza nyuma ili uonekane uko mbali. Wenye mizizi upande mmoja atauegesha kwa jirani, pale penye upungufu pafichwe na shina la mwenzake. Upandaji huu wa miti mingi kwenye chungu kimoja kipana Wajapani huuita yose-ue, na katika matawi yote ya sanaa ya bonsai pengine ndio unaomfaa zaidi mtu asiye na fedha nyingi. Shina moja nene la miaka 60 ni mali ya tajiri. Miche 11 ya miaka 4 au 5 mtu anaweza kuiotesha mwenyewe kwa mbegu alizookota chini ya mti.

Hamu ya kuitia mandhari nzima kwenye chombo cha kubebeka ni ya zamani, tena haikuanzia Japani. Katika kaburi la mwanamfalme Li Xian, karibu na mji wa Xi'an nchini China, kuna michoro ya ukutani ya mwaka 706 inayoonyesha watumishi wamebeba sinia zenye mawe na mimea midogo. Japani ilijifunza kwa jirani yake, ikaendeleza kwa namna yake. Mchoro mmoja maarufu wa mwaka 1309 unaonyesha miti midogo kwenye vyombo katika nyumba ya Mjapani mwenye uwezo. Lakini kazi ya misitu kama inavyofanywa leo ina deni kubwa kwa kitongoji kimoja tu.

Mwezi Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu Tokyo, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya jiji. Wakulima wa bonsai waliokuwa mjini walianza kutafuta mahali penye nafasi, maji safi na hewa isiyo na moshi. Walipapata Omiya, kaskazini mwa jiji, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao. Kanuni walizojiwekea zinafurahisha hadi leo: kila mkazi awe na bonsai zisizopungua 10, lango lake liwe wazi kwa wageni, asijenge nyumba ya ghorofa, na uzio wake uwe wa mimea. Mtu aliyekataza ghorofa kwa ajili ya miti ya nusu mita alijua anachokitaka: ghorofa hutupa kivuli.

Miongoni mwa familia za Omiya ilikuwamo ya Kato, wenye bustani ya Mansei-en. Saburo Kato, aliyezaliwa mwaka 1915, alikua akimwangalia baba yake akishughulika na misprusi ya ezo iliyoletwa kutoka Hokkaido na kisiwa cha Kunashiri. Mingi ilikuwa miti midogo, kila mmoja na kasoro zake, nayo iliwapa sababu ya kuipanda kwa makundi. Mwaka 1945 Kunashiri ikaangukia mikononi mwa Wasovieti na mlango huo ukafungwa, ila ujuzi ulikuwa umeshaingia mikononi. Kato aliandika kitabu kizima kuhusu misitu, upandaji juu ya mawe na misprusi ya ezo. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 2001 na bado wakulima wengi wa misitu huitegemea.

Msprusi hubaki kijani mwaka mzima, na hapo ndipo momiji anapomzidi. Momiji, ambaye wataalamu wa mimea humwita Acer palmatum, ni jamaa wa mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Jina la kitaalamu alipewa mwaka 1784 na Carl Peter Thunberg, daktari wa Sweden aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha biashara cha Waholanzi huko Nagasaki. Jani lake lina vidole 5 hadi 7, na kila mwaka hupitia maisha manne: hufunguka likiwa na wekundu au kijani kichanga, hukolea kijani wakati wa joto, huwaka rangi ya chungwa au nyekundu kabla ya kuanguka, kisha huuachia uwanja mfumo wa vitawi vitupu. Msitu mmoja wa momiji ni picha nne kwa mwaka.

Kuna uamuzi unaotangulia yote, nao huwagawa wakulima. Je, miti yote itoke kwenye mama mmoja, kwa vipandikizi, au ioteshwe kwa mbegu? Vipandikizi vya mti mmoja ni nakala za mti huo. Vitachipua wiki moja na kubadilika rangi siku zilezile, na ukichagua aina kama Deshojo, ambayo majani yake machanga ni mekundu kabisa, sinia nzima itawaka kwa pamoja wakati wa machipuko. Mbegu, kinyume chake, hutoa watoto wasiofanana: huyu jani lake ni dogo, yule huwahi kuwa mwekundu, mwingine hubaki kijani wenzake wakiwa wameshapukutika. Wauzaji hupenda nakala kwa kuwa hazina mshangao. Hata hivyo, aliyewahi kuutazama mlima wa Japani mwezi Novemba ameona kwamba hakuna miti miwili inayokubaliana rangi, na msitu wa mbegu hushinda kwa hilo hasa. Sharti ni kuiangalia miche msimu mzima kabla ya kuiunganisha, maana mmoja mwenye majani makubwa kupita kiasi huharibu vipimo vya wenzake wote.

Mbegu zenyewe zina masharti yake. Huanguka zikiwa mbili mbili, kila moja na bawa, na hazioti mpaka zipite kwenye baridi yenye unyevu kwa miezi 3 hivi. Wasio na baridi ya asili huzifunga kwenye mchanga mbichi na kuziweka kwenye friji. Miche ikishatoka, mzizi mkuu unaozama chini hukatwa mapema ili mizizi ya pembeni ichukue kazi. Mti wenye mzizi mrefu wa katikati hauwezi kukaa kwenye chombo chenye kina cha sentimita 4. Wengine huipanda miche ikiwa imebanana. Msongamano huifanya irefuke ikigombea mwanga na kuacha matawi ya chini, na hilo ndilo umbo la mti wa msituni.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayomkwamisha msomaji wa Limuru au Lushoto anayefikiria kuagiza mbegu. Mji kuwa na ubaridi ni jambo moja. Momiji anataka majira kamili ya kulala, majani yakiwa chini na utomvu umetulia, kwa miezi. Asipolala, nguvu zake hupungua mwaka hadi mwaka. Sehemu za joto watu hutengeneza misitu ya jamii ya mikuyu, ambayo haihitaji usingizi huo na ambayo mizizi yake ina ufundi wa kushikana. Kanuni za kupanga ni zilezile.

Kazi ya kupanda ina wakati wake mfupi: mwisho wa majira ya baridi, macho ya mti yanapoanza kuvimba lakini kabla jani halijafunguka. Ukiwahi sana, mizizi iliyokatwa hukaa kwenye udongo wa barafu bila kupona. Ukichelewa, majani huanza kudai maji ambayo mizizi haiwezi kuyaleta. Yote hutayarishwa siku za nyuma: chombo bapa cha duaradufu, chenye matundu ya kutosha ya kutoa maji; waya zilizopitishwa kwenye matundu hayo; udongo uliochekechwa. Udongo wa kawaida wa bustani haufai hapa. Wajapani hutumia akadama, chembe za udongo wa volkano unaochimbwa mkoani Tochigi, ambazo hushika maji ndani yake na kuacha hewa ipite katikati yake. Baadhi huacha chombo kabisa na kutumia bamba la jiwe, wakijenga ukingo mwembamba kwa tope zito linalonata ili udongo usiteremke.

Mti wa kwanza kuwekwa ndio mkuu, mrefu na mnene kuliko yote. Kwenye sinia yenye urefu wa sentimita 70, mti huo waweza kuwa na sentimita 60. Hauwekwi katikati. Hupewa nafasi kwenye theluthi moja ya urefu wa sinia, kushoto au kulia, na udongo chini yake huinuliwa kidogo kuwa kilima. Wa pili kwa ukubwa huwekwa karibu nao, wa tatu huenda upande wa pili kuanzisha kundi jingine, na kuanzia hapo kila mti huulizwa unamsaidia nani.

Mpiga picha wa harusi huwapanga ndugu kwa safu, warefu nyuma, kila mtu usawa wa bega la mwenzake. Mpanda msitu hukwepa kila kimoja cha hivyo. Mashina matatu yasisimame kwenye mstari ulionyooka, hata yakitazamwa kutoka pembeni. Shina moja lisilifunike jingine mbele ya mtazamaji. Nafasi kati ya miti zisilingane: mahali fulani mashina mawili karibu yagusane, kwingine paachwe uwazi wa kupitisha kiganja. Vilele navyo visilingane. Idadi hupendelewa iwe witiri, 5, 7, 9, 11, na miti minne huepukwa kwa sababu nambari hiyo kwa Kijapani husikika sawa na kifo. Ikizidi kumi na kitu hakuna tena anayehesabu.

Kina ndicho kigumu. Sinia yenye upana wa sentimita 40 inatakiwa ionekane ina kilomita ndani yake. Njia moja ni kuiweka miti minene mbele na myembamba nyuma, kwa kuwa jicho limezoea kuona cha mbali kikiwa kidogo. Mtazamaji hujiona amesimama ukingoni mwa pori, mashina ya kwanza yako mbele yake na mengine yanapotelea ndani. Njia ya pili huutazama msitu wote kutoka mbali, ng'ambo ya bonde, kundi likiwa dogo na limejikusanya upande mmoja wa sinia, na sehemu kubwa ya udongo imeachwa tupu. Mtu anayeanza huiogopa njia hiyo ya pili. Amenunua sinia nzima na anaona hasara kuacha nusu yake bila mti, hivyo huijaza, na kinachotoka ni kitalu.

Matawi nayo hufuata sheria ya mwanga. Ndani ya msitu halisi tawi la chini hufa kwa kukosa jua, kwa hiyo miti ya katikati hupogolewa hadi ibakie na taji juu. Ya pembeni huachiwa matawi marefu upande wa nje. Mashina ya kingo huinamishwa kidogo kuelekea nje, maana mti ulio ukingoni huufuata mwanga. Ukitazama mpango mzima kutoka mbali, mashina mengi yana taji moja tu kubwa la pembetatu isiyo na ulinganifu, na hapo ndipo kazi imeanza kukubali.

Halafu kuna tatizo la kimakanika lisilosimuliwa sana: miti iliyokatwa mizizi haisimami. Upepo kidogo, au maji ya kumwagilia, huiangusha na kuvunja vinyweleo vipya vya mizizi. Wengine hufunga kila shina kwa waya wa kwenye tundu. Wengine hutengeneza fremu ya vijiti vya mianzi chini ya udongo na kuifunga miti kwenye fremu hiyo. Mianzi huoza baada ya miaka michache, wakati mizizi imeshashikana na haihitaji msaada. Kijiti chembamba cha kulia chakula hutumika kushindilia chembe za udongo katikati ya mizizi mpaka pasibaki pango la hewa. Juu hutandazwa kuvumwani, ule ujani laini unaoota kwenye mawe yenye unyevunyevu, ukianzia na vipande vidogo. Maji humwagwa kwa kopo lenye matundu madogo hadi yanayotoka chini yawe safi.

Wiki 2 au 3 za mwanzo sinia hukaa mahali pasipo na upepo wala jua kali. Mbolea husubiri mwezi mmoja au zaidi. Baada ya hapo linabaki jambo linaloitwa dogo na wasiolifanya: kumwagilia. Kuna msemo wa zamani katika bustani za Japani kwamba mwanagenzi anahitaji miaka 3 kujifunza kumwagilia maji, na mafunzo yenyewe kwa kawaida hayapungui miaka 5. Kina cha sentimita 4 hukauka kwa saa chache siku ya kiangazi; jani la momiji ni jembamba, na jua la alasiri pamoja na upepo mkavu huliunguza kingo kuwa za kahawia. Jani likishaungua, rangi ya mwisho wa mwaka imekwenda.

Machipuko ya mwaka unaofuata ndiyo yanayoonyesha kwa nini msitu wa momiji ni kazi ya mtu mwenye subira na kibano. Kila chipukizi hufungua jozi ya majani, na katikati ya jozi kuna ncha laini ya tawi lijalo, isiyozidi milimita chache. Mkulima huing'oa ncha hiyo mara tu inapoonekana. Tawi halirefuki, badala yake macho mawili chini ya majani hayo huamka baadaye na kutoa vitawi viwili. Viwili vitazaa vinne. Kazi hiyo huanza juu na pembeni, kwenye nguvu nyingi, na huwa ya upole zaidi ndani na chini. Ncha ikiachwa siku chache tu, pingili hurefuka, na pingili ndefu haiwezi kurudishwa, itakatwa tu.

Mwanzo wa kiangazi, kwa miti yenye afya, mkulima huondoa jani moja katika kila jozi ya taji la nje. Watu wengi hudhani lengo ni kupata majani madogo, na kweli yanayofuata huwa madogo. Ila katika msitu lengo kubwa ni mwanga. Taji likifunga, vitawi vya ndani hufa kimya kimya, na momiji hachipui kwa urahisi kwenye matawi ya zamani yaliyokomaa. Miti ya nyuma, myembamba na iliyobeba jukumu la kuonekana mbali, ndiyo hufa kwanza, na kina chote kilichojengwa siku ile ya kwanza huondoka nayo.

Rangi ya mwisho wa mwaka huvuta wageni wengi, lakini wenye fani husubiri majani yaishe. Maonyesho makuu ya nchi, Kokufu-ten, yaliyoanza mwaka 1934 katika bustani ya Ueno jijini Tokyo, hufanyika Februari, na momiji huletwa hapo bila jani hata moja. Mashina ya kijivu na maelfu ya vitawi vyembamba havina cha kuvificha. Alama ya waya iliyosahaulika kwenye ganda laini, kidonda cha tawi kilichokatwa vibaya, pingili iliyoachwa irefuke miaka 8 iliyopita, vyote viko wazi mbele ya majaji.

Miaka inapopita mizizi ya miti yote husukana kuwa mkeka mmoja. Kila baada ya miaka 2 hadi 4 mkeka huo hutolewa mzima, hupunguzwa kingo na chini, ukarudishwa na udongo mpya. Hakuna anayejaribu kuitenganisha miti tena. Ndiyo maana kifo cha mti mmoja ndani ya msitu wa zamani ni jambo zito: shina linaweza kukatwa, lakini kupenyeza mti mpya katikati ya mkeka uliofungana kunahitaji kukata mizizi ya walio hai.

Msitu mashuhuri kuliko yote nje ya Japani uliwahi kupitia hayo. John Naka alizaliwa Colorado, Marekani, mwaka 1914, akalelewa Japani na kurudi Marekani akiwa kijana. Mwaka 1964, akiwa na kumbukumbu ya kichaka cha miti mirefu ya sugi karibu na hekalu moja la Japani, alikusanya mireteni aliyokuwa akiikuza tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na kupanda miti 7, mmoja kwa kila mjukuu wake. Aliuita Goshin, mlinzi wa roho. Maji hayakuwa yakitoka vizuri kwenye chombo na baadhi ya miti ikafa. Naka akashughulikia tundu la maji, akapanda mingine. Wajukuu wakaongezeka, miti nayo ikafika 11. Mwaka 1984 aliukabidhi kwa jumba la bonsai la Washington, taasisi iliyoanza na zawadi ya bonsai 53 kutoka Japani mwaka 1976, na uko huko mpaka sasa.

Mireteni ya Goshin inabeba mashina makavu yaliyochongwa nyeupe kwenye vilele vyake, kwa sababu mti huo huweza kukaa na sehemu iliyokufa kwa miaka mingi bila kuoza. Momiji hana uwezo huo. Mti wake ukifa huoza hadi mizizini, kwa hiyo mkulima huukata usawa wa udongo, huweka kuvumwani juu ya jeraha, kisha huizungusha sinia taratibu juu ya meza akitafuta upande ambao pengo jipya litaonekana kuwa njia. Mara nyingi hupatikana. Upande uliokuwa mgongo wa msitu kwa miaka 20 unakuwa uso wake, miti myembamba inajikuta mbele, na ule mkuu unarudi ndani. Mkulima hubandika alama mpya ukingoni mwa sinia na kuanza kupogoa upya kwa kufuata upande huo.